‘Ile hela tuma kwa namba hii’: Jinsi ya kuutambua ujumbe wa kitapeli kabla haujakugharimu

TUSEME ni jioni ya mwisho wa mwezi katika Kata ya Ihumwa, jijini Dodoma. Mpangaji wa chumba na sebule amekwisha kuweka kwenye simu yake kodi ya miezi sita, na amemwahidi mwenye nyumba kwamba ataituma kesho asubuhi.

Simu inatoa mlio. Ujumbe unasema: “Ile hela nitumie kwa namba hii, laini yangu ile nyingine inadaiwa. Jina litakuja la mke wangu.” Mpangaji anasoma mara moja, anaingiza kiasi, jina la mwanamke linatokea kama alivyoambiwa, anabonyeza namba ya siri na fedha inaondoka.

Aliyeandika ujumbe huo hamfahamu mpangaji huyo, hamfahamu mwenye nyumba, wala hakujua kwamba kuna kodi. Alituma maneno hayo hayo kwa watu wengi kwa wakati mmoja, akisubiri yamwangukie mtu mwenye “ile hela”.

Ujumbe wa namna hii unajulikana nchi nzima, kiasi kwamba watu hutaniana nao vijiweni. Pamoja na hayo, bado unawapata watu, wakiwamo wasomi, watumishi wa umma na wafanyabiashara wenye uzoefu wa miaka mingi. Makala haya yanaeleza kwa nini unafanikiwa, unavyofanana na barua pepe za kilaghai zinazoingia maofisini, na namna msomaji anavyoweza kuutambua mapema.

Kwa nini Ihumwa

Ihumwa ipo mashariki mwa Jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba uliozinduliwa Aprili 13, 2019. Barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 imepangwa kupita huko, na bandari kavu ya reli ya kisasa imewekwa huko huko.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, maeneo ya upande huo yamekuwa ya viwanja, misingi, tofali na malori ya mchanga. Na mahali panapojengwa kwa kasi ndipo penye madeni mengi madogo madogo baina ya watu wanaofahamiana kwa namba za simu tu.

Mwenye kiwanja yupo Dar es Salaam na fundi wake anatoka Chamwino. Muuza kokoto ameahidiwa kulipwa Ijumaa. Mwenye nyumba anaishi Kondoa na hajaonana na mpangaji wake tangu siku ya kukabidhiana funguo. Kila mmoja wao anasubiri fedha kwa njia ya simu au anatarajia kuituma.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Kampuni nyingine zikafuata. Leo ni vigumu kumpata mtu mzima wa mjini asiyekuwa na mtu wa kumtumia fedha wiki hii. Tapeli hana haja ya kuchunguza maisha ya mtu mmoja mmoja ikiwa anajua kwamba karibu kila mtu anadaiwa na mwenzake.

Neno moja dogo

Inafaa kuuchambua ujumbe huo neno kwa neno, kwa kuwa karibu mbinu zote nyingine za utapeli zimejificha ndani yake.

Neno la kwanza ni “ile”. Kwa Kiswahili, mtu husema “ile hela” anapozungumza na anayeijua tayari. Hakuna maelezo ya hela gani, kwa ajili ya nini wala kiasi gani. Msomaji wa ujumbe ndiye anayejaza nafasi hizo kwa kumbukumbu zake mwenyewe, na akishazijaza anaamini kwamba mwandishi alizijua tangu mwanzo. Kiasi hakitajwi kwa sababu tapeli hakijui.

La pili ni “namba hii”. Hapa ndipo uhalifu ulipo. Maneno mengine yote ni mapambo. Kinachotakiwa ni fedha iliyokuwa iende mahali panapojulikana igeuzwe njia iende pasipojulikana.

La tatu ni kuhusu jina. Kampuni za simu huonyesha jina la mpokeaji kabla mtumaji hajathibitisha, na kinga hiyo imewaokoa wengi. Matapeli walipoigundua wakaamua kuitangulia. Ukiambiwa mapema kwamba “jina litakuja la mke wangu”, jina la mgeni linapojitokeza halikushtui tena, bali linakuhakikishia. Kinga imegeuzwa kuwa ushahidi wa uongo, na huo, kwa maoni ya mwandishi, ndio ujanja mkubwa zaidi katika sentensi hizo mbili.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ujumbe umetumwa kwa watu 1,000 na 997 wakaupuuza au kuucheka. Kama watatu waliobaki walikuwa na kodi ya miezi sita ya chumba cha Sh50,000 kwa mwezi, tapeli amepata Sh900,000 kwa jioni moja.

Makosa ya tahajia si kipimo

Kwa miaka mingi watu wamefundishwa kwamba ujumbe wa kitapeli hutambulika kwa lugha mbovu. Ushauri huo ulikuwa na maana wakati barua pepe za kuahidi urithi wa mamilioni ya dola zilipokuwa zikiandikwa kwa Kiingereza cha kubabaisha na kutafsiriwa vibaya. Siku hizi programu za akili mnemba huandika Kiswahili na Kiingereza safi kwa yeyote anayeomba, tapeli akiwamo.

Upande wa pili, mwenye nyumba mwaminifu wa Ihumwa anaweza kuandika ujumbe uliojaa makosa, bila nukta wala herufi kubwa, na ukawa wa kweli kabisa. Anayepima kwa tahajia atamshuku mkweli na kumwamini mwongo.

Vivyo hivyo sauti. Kwa teknolojia iliyopo sasa inawezekana kuiga sauti ya mtu kwa kutumia vipande vichache vya kurekodiwa. Simu inayosikika kama ya mtoto anayelia haitoshi tena kuwa ushahidi kwamba ni mtoto wako.

Kinachobaki ni kuangalia mambo mawili ambayo tapeli hawezi kuyaficha: anakuomba ufanye nini, na anataka umjibu kwa njia ipi. Ujumbe wa kitapeli hutaka fedha, namba ya siri, tarakimu ulizotumiwa au ubonyeze kiungo. Na karibu kila mara hutaka ufanye hivyo kupitia njia aliyoileta yeye, yaani namba yake, kiungo chake au fomu yake, tena haraka.

Hata wakubwa huliwa

Asije mtu akadhani kwamba “ile hela” ni ugonjwa wa wapangaji tu. Kati ya mwaka 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alishiriki katika mpango wa kutuma barua pepe na ankara kwa kampuni za Google na Facebook, akijifanya mtengenezaji wa vifaa vya kompyuta wa barani Asia ambaye kampuni hizo zilikuwa zikifanya naye biashara kweli. Alikuwa amesajili kampuni yenye jina kama hilo nchini Latvia na kufungua akaunti za benki.

Zaidi ya dola milioni 100 zilipelekwa kwenye akaunti hizo. Desemba 2019, mahakama mjini New York ilimhukumu kifungo cha miaka mitano.

Msomaji akitazama vizuri ataona hakuna tofauti ya msingi. Deni lilikuwapo, mdai alikuwapo, kilichobadilishwa ni mahali pa kulipia. Ofisi yoyote ya Dodoma inayolipa wazabuni inaweza kupokea barua pepe inayosema kwamba akaunti ya benki ya mzabuni imebadilika na malipo yajayo yapelekwe kwenye akaunti mpya. Mhasibu anayebadilisha akaunti hiyo bila kumpigia mzabuni kwa namba iliyo kwenye mkataba anafanya kosa lile lile la mpangaji wa chumba na sebule.

Fedha ‘iliyokosewa’

Mbinu ya pili huanza kwa furaha. Unapokea ujumbe unaoonyesha kwamba umepokea Sh150,000, kisha simu inaita: “Samahani sana mama, nimekosea namba, hiyo ni hela ya mgonjwa, naomba unirudishie.” Sauti ni ya unyonge na heshima. Aliyelelewa vizuri huona haya kukaa na mali ya mtu.

Kumbe hakuna fedha iliyoingia. Ujumbe uliandikwa kwa mkono ukiigiza mpangilio wa ujumbe wa kampuni ya simu, na mara nyingi umetoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la huduma. Lakini hata jina la mtumaji lisikutulize, kwa kuwa linaweza kughushiwa.

Kipimo cha kweli ni salio. Lifungue wewe mwenyewe kupitia menyu ya huduma ya fedha, usilisome kwenye ujumbe uliotumiwa. Na hata kama fedha imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwelekeze aliyepiga awasiliane na kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa kurejesha muamala uliokosewa. Mkosaji wa kweli atakubali, ingawa atalalamika kidogo. Tapeli ataanza kutukana au kutaja polisi.

Anayejiita ‘huduma kwa wateja’

Mbinu ya tatu ni ya simu ya sauti. Mtu anajitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu au benki, anakutajia jina lako kamili, anasema laini yako itafungwa leo au kwamba umeshinda zawadi, kisha anakuelekeza ubonyeze tarakimu fulani au umtajie namba ya siri.

Jina lako si siri. Yeyote anayeanza kutuma fedha kwenye namba yako huonyeshwa jina hilo kabla ya kuthibitisha, naye anaweza kuishia hapo bila kutuma chochote. Kwa hiyo kutajiwa jina hakuthibitishi kitu.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imekuwa ikiwatangazia wananchi kwamba kampuni za simu huwasiliana na wateja wao kwa namba 100 pekee. Anayekupigia kwa namba ya kawaida akisema ni huduma kwa wateja, mkatie simu kisha upige 100 wewe mwenyewe. Aidha, hakuna mtumishi halali wa benki wala wa kampuni ya simu anayehitaji kuijua namba yako ya siri.

Hatari kubwa zaidi hapa ni ya kuhamishwa kwa laini. Tapeli akishakusanya majina yako, namba ya kitambulisho na taarifa nyingine chache, hujaribu kuisajili namba yako kwenye kadi mpya ya simu aliyonayo yeye. Akifaulu, simu yako hupoteza mtandao ghafla na ujumbe wote wa benki huanza kuingia kwake. Simu ikikosa mtandao kwa muda mrefu mahali ambapo wengine wanao, usiishie kuizima na kuiwasha. Azima simu ya jirani upige 100.

Kenya imeteseka na wizi huu kwa muda mrefu. Mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, umetajwa mara nyingi na polisi wa upelelezi wa nchi hiyo baada ya kuwakamata watuhumiwa wa kuhamisha laini. Simu za kitapeli zimehusishwa pia na wafungwa wa gereza la Kamiti, Nairobi, hadi jina la gereza hilo likawa mzaha mitaani. Kwa upande wa Tanzania, ripoti za robo mwaka za TCRA zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa ndiyo inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai. Hilo halina maana kwamba ujumbe unaotoka mikoa mingine ni salama.

Barua pepe na kusoma anwani

Tangu katikati ya miaka ya 1990, wateja wa kampuni ya America Online walipokuwa wakiibiwa maneno yao ya siri, utapeli wa barua pepe umepewa jina linalotokana na neno la Kiingereza la kuvua samaki. Chambo ni ujumbe, ndoano ni kiungo.

Chambo cha ofisini kwa kawaida hakina maajabu. Kinasema sanduku lako la barua limejaa, neno lako la siri linakwisha muda leo, au kuna nyaraka unayopaswa kuisaini. Ukibonyeza, unaona ukurasa unaofanana kabisa na ule unaoutumia kila siku. Unaandika neno la siri, na tayari wanalo.

Ukurasa unaweza kuigwa, lakini anwani yake haiigiki kikamilifu. Tatizo ni kwamba wengi huisoma kutoka kushoto, na tapeli analijua hilo. Anwani ya tovuti husomwa kinyume. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma kutoka hapo. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti.

Kwa mfano, anwani inayoishia na ajira.go.tz kabla ya mkwaju ni ya Serikali ya Tanzania, kwa sababu kikoa cha go.tz hutolewa kwa taasisi za umma tu. Lakini anwani inayosomeka ajira.go.tz.mfano.com si ya Serikali hata kidogo. Mwenyewe ni mfano.com, na maneno ya mbele yamebandikwa kama kibao cha ofisi kwenye mlango wa nyumba ya wizi. Alama ya kufuli inayoonekana kwenye kisakuzi nayo haithibitishi uaminifu. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo hayasomwi njiani. Tapeli naye huweka kufuli.

Viambatisho vinahitaji tahadhari ya peke yake. Februari 2016 wezi waliondoka na dola milioni 81 za Benki Kuu ya Bangladesh, wakiwa wamejaribu kuhamisha karibu dola bilioni moja. Wachunguzi wa Marekani walieleza baadaye kwamba walioingia kwenye mfumo wa benki hiyo walianza kwa kutuma barua pepe kwa wafanyakazi, wakijifanya mtu anayeomba kazi mwenye wasifu wake wa kupakua.

Ajira na viwanja

Dodoma ni mji wa usaili. Vijana husafiri kutoka kila mkoa kuja kufanya mitihani ya kazi za umma, wengine wakilala kwa jamaa wa jamaa huko Nzuguni na Ihumwa. Matapeli wamelifahamu shamba hilo. Ujumbe husema jina lako limepita, lakini kuna ada ndogo ya fomu, sare au vipimo vya afya inayotakiwa kabla ya saa kumi jioni.

Mwandishi huyu huwaonea huruma waathirika wa utapeli wa ajira kuliko wengine wote, kwa kuwa ada hiyo “ndogo” mara nyingi imekopwa kwa mama au kwa shangazi kijijini. Kazi ya Serikali hainunuliwi. Matangazo na majina ya walioitwa hutolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwenye tovuti yake, na mwombaji anaweza kuingia huko mwenyewe bila kupitia kiungo cha kwenye kundi la WhatsApp.

Kwenye viwanja fedha ni kubwa zaidi. Ujumbe unatangaza kiwanja kilichopimwa, bei ya kutupa, mwenyewe amehamishwa kikazi, na wanunuzi wengine wawili wako njiani, hivyo unatakiwa kutuma “ya kushikia” sasa hivi. Picha ipo, namba ya kitalu ipo, hata nakala ya hati ipo.

Malipo ya Serikali, yakiwamo ya viwanja vinavyouzwa na halmashauri, hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani huitwa kontroo namba, iliyoanza kutumika katika mfumo wa malipo ya Serikali mwaka 2017. Namba hiyo hutolewa na mfumo wa taasisi husika na fedha huingia serikalini moja kwa moja. Mtu anayejiita ofisa ardhi na kutaka fedha ya Serikali itumwe kwenye simu yake binafsi ama ni tapeli ama ni mla rushwa, na katika hali zote mbili fedha hairudi. Kwa kiwanja cha mtu binafsi, ofisi ya ardhi ya jiji ndiko pa kuuliza kabla ya kushika simu. Nauli ya kutoka Ihumwa kwenda mjini ni ndogo kuliko “ya kushikia” yoyote.

Chambo nyingine

Zipo nyingine ambazo hazihitaji maelezo marefu. Wanaokualika ujiunge na Freemason kwa ujumbe wa simu ili utajirike wanatafuta ada ya kujiunga. Waganga wanaojitangaza kwa namna hiyo wanatafuta ya dawa. Wanaoahidi kwamba fedha yako itazaa bila kazi wana historia ndefu: mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli za DECI, iliyowataka watu “wapande mbegu”, na kila baada ya miaka michache hutokea nyingine yenye jina jipya. Kwa mikopo ya mtandaoni, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Ya WhatsApp inastahili neno moja zaidi. Rafiki anakuandikia: “Nimekosea, kuna tarakimu sita zimekuja kwako, nisaidie unitumie.” Tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti yako mwenyewe. Anayekuandikia si rafiki yako, bali ni mtu aliyekwisha kuiteka akaunti yake, na ukimjibu ataiteka ya kwako, kisha atawaomba ndugu zako mkopo kwa jina lako. Kwenye mipangilio ya WhatsApp kuna uthibitisho wa hatua mbili unaokuwezesha kuweka tarakimu zako za siri za ziada. Uwashe leo.

Kuikata njia

Kinga inayofanya kazi dhidi ya mbinu zote zilizotajwa ni moja: usijibu kwa njia uliyoletewa. Ukipata ujumbe wa “ile hela”, mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Akiwa hapatikani, kodi isubiri. Hakuna mwenye nyumba aliyemtoa mpangaji nje kwa kuchelewa saa mbili.

Ukipigiwa na anayejiita mwalimu kwamba mwanao ameanguka shuleni na hospitali inataka fedha kwanza, kata simu na umpigie mwalimu wa darasa unayemfahamu, au mtume bodaboda unayemwamini afike shuleni. Jambo hili ni gumu kulitenda kuliko kulisema, kwa kuwa mzazi aliyeshtuka hatulii. Familia nyingine zimekubaliana swali la siri, kama vile jina la ng’ombe wa kwanza wa babu, ambalo mgeni hawezi kulijibu. Kwa wazee wanaotumiwa fedha na watoto walio mbali, swali la namna hiyo ni rahisi kukumbuka kuliko orodha ndefu ya tahadhari.

Ukishatapeliwa

Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Piga 100 mara moja, ueleze muamala na namba iliyopokea, ili fedha izuiwe kama bado haijatolewa kwa wakala. Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe kabla ya jambo lingine lolote. Kama suala linahusu benki, piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako.

Kisha utume ujumbe wa tapeli kwenda namba 15040, ambayo ni ya kuripoti ulaghai. Utajibiwa na kutakiwa kuingiza namba iliyokutumia. Usiufute ujumbe wenyewe, kwa kuwa polisi watauhitaji. Udanganyifu kwa kutumia kompyuta na simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kituo cha polisi kinapaswa kupokea taarifa yako hata kama kiasi ni kidogo.

Wengi hawafiki huko kwa sababu ya aibu. Mtu huona afadhali kupoteza Sh300,000 kuliko kumweleza ofisa wa zamu kwamba alidanganywa na sentensi mbili. Tapeli anaitegemea aibu hiyo kama anavyolitegemea neno “ile”, maana namba isiyoripotiwa hubaki hewani kwa ajili ya jirani yako.

Laini iliyo kwa jina lako

Msomaji anaweza kuuliza: kama kila laini imesajiliwa kwa alama za vidole, kwa nini tapeli hakamatwi siku hiyo hiyo? Usajili wa alama za vidole ulianza nchi nzima Mei 1, 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Jina linalotokea unapotuma fedha kwa tapeli ni la mtu halisi mwenye kitambulisho halisi. Mara nyingi, hata hivyo, mtu huyo hajui lolote.

Alikwenda kusajili laini yake kwa wakala wa mwavuli barabarani. Akaweka kidole, akaambiwa “haijasoma, rudia”, akarudia. Kidole cha kwanza kilisajili laini yake na cha pili kikasajili nyingine, ambayo baadaye iliuzwa. Wapo pia waliosajili laini kwa kidole chao na kuiuza kwa hiari kwa shilingi elfu chache.

TCRA hufungia namba zilizotumika katika ulaghai, na ripoti zake zimetaja pia kufungiwa kwa namba za vitambulisho vya taifa vilivyozisajili. Mzee wa Ihumwa aliyesajili laini moja ya kuongea na wanawe anaweza kujikuta anahojiwa kwa fedha ya mtu ambaye hajapata kumwona.

Kujua kama umepatwa na jambo hilo, piga *106# na ufuate maelekezo. Utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako katika mtandao huo wa simu, hivyo mwenye laini za mitandao miwili apige kwenye kila moja. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni husika, si kwa wakala wa mwavuli, uombe iondolewe. Huduma hiyo inafanya kazi kwenye simu ya kitochi kama inavyofanya kwenye simu janja, na mjukuu anaweza kumpigia bibi yake akiwa amekaa kando yake.